Venice kwa usiku tatu: hesabu madaraja kabla ya nyota

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Malindi. Yeye na mamake wanakwenda Italia kumtembelea mdogo wake anayeishi Verona, na wiki ya tatu ya Novemba wangependa kulala Venice usiku tatu. Mama ana miaka 68. Kwenye tambarare anatembea vizuri, ila ngazi zinamtesa magoti. Hamu yake kubwa ni kufika kisiwa cha Murano auone ushanga unakotengenezwa. Bajeti yao ni euro 120 kwa usiku. Dada ameiona hoteli ya nyota tatu karibu na Rialto, chumba kinatazama mfereji, na picha zinavutia. Anauliza aichukue, au awasikilize wanaomwambia walale Mestre, upande wa bara, kwa sababu ni rahisi? Kiitaliano anakiongea, alijifunza kazini huko huko Malindi.

Dada yangu, mfikishie mama shikamoo yangu, na umwambie safari hii inawezekana kabisa na magoti yake hayo hayo. Nimekaa mapokezi ya hoteli ya nyota tatu mtaa wa Cannaregio, Venice, kwa miaka tisa. Kazi yangu ilikuwa kupokea watu mlangoni, na nilikuwa nikimtazama mgeni usoni anapoingia najua siku zake zitakuwaje. Anayefika akihema, shati limelowa na sanduku limeng'oka gurudumu, huyo hata umpe chumba kizuri namna gani hakioni.

Hoteli ile ya Rialto usiilipe. Si hoteli mbaya, ila haimfai mama. Nitakueleza kwa nini, na kwa njia hiyo hiyo utaweza kuipima hoteli yoyote nyingine bila kuniuliza.

Venice haina gari, haina bodaboda, hata baiskeli haziruhusiwi kwenye mji wa kale. Magari yanaishia Piazzale Roma, treni zinaishia stesheni ya Santa Lucia. Kuanzia hapo ni boti, na baada ya boti ni miguu yako. Mji umesimama juu ya visiwa vidogo zaidi ya 100 vilivyounganishwa kwa madaraja zaidi ya 400, na karibu madaraja yote yamekunjwa kama upinde ili boti zipite chini. Maana yake daraja moja ni ngazi mbili, ya kupanda na ya kushuka. Vidato vyake vina ukingo wa jiwe jeupe la Istria lililolainishwa na nyayo za karne nyingi, na mvua ya Novemba ikinyesha ukingo ule unateleza kama sahani yenye mafuta. Mtu wa magoti mabovu kupanda humchosha, lakini kushuka ndiko kunakomwumiza.

Niliyajua hayo kila siku kazini, na bado nilikosea kwa mtu wangu mwenyewe. Shangazi yangu alitoka Tanga kuja kunitembelea. Nikataka kumfurahisha, nikamtafutia chumba chenye dirisha juu ya mfereji, pazia la hariri, kitanda cha mbao ya kuchonga. Kutoka kwenye boti hadi pale mlangoni ni madaraja manne. Kwenye la tatu aliketi juu ya kidato, akaweka mkoba mapajani, akanyamaza. Watu walikuwa wakimpita kushoto na kulia na masanduku yao yakigonga, gogo, gogo, gogo. Siku mbili zilizofuata hakutoka ila mara moja, kwa sababu kila kutoka ni madaraja manne kwenda na manne kurudi. Venice aliiona kutoka dirishani. Tangu siku ile, mtu akiniuliza habari ya hoteli, neno la kwanza ninalomwuliza ni: kutoka gati la boti hadi mlangoni madaraja mangapi, na kutoka mlangoni hadi kitandani vidato vingapi? Nyota, picha na kiamshakinywa vinakuja baadaye.

Sasa tuichukue hoteli uliyonitajia. Tangazo linasema "dakika tatu kutoka Rialto". Ni kweli, ukiwa umesimama juu ya Daraja la Rialto lenyewe huna mzigo na una miaka 25. Anwani yake ni mtaa wa San Polo, nalo gati la boti liitwalo Rialto liko ng'ambo ya mfereji mkuu, upande wa mtaa wa San Marco. Ukishukia hapo itabidi mama apande Ponte di Rialto, lile daraja kubwa la mwaka 1591 lenye maduka juu yake, akiwa katikati ya umati. Ukiwa mjanja utashukia gati la San Silvestro, ambalo liko upande wenu, lakini hoteli imeelekea Campo San Polo, na njiani nimehesabu madaraja mawili. Mawili kwenda, mawili kurudi, kila mara mnapotoka. Kwa usiku tatu, mkitoka asubuhi na jioni, hesabu mwenyewe.

Kuhesabu si kazi ngumu. Chukua anwani kamili ya hoteli, maana jina peke yake halitoshi. Venice nyumba hazihesabiwi kwa barabara. Zinahesabiwa kwa mtaa mzima, na mitaa iko sita: Cannaregio, Castello, San Marco, Dorsoduro, San Polo na Santa Croce. Castello peke yake namba zinapita 6,000, kwa hiyo "Castello 4200" haikwambii lolote mpaka uiweke kwenye ramani. Ukishaipata, washa picha ya setilaiti, uifuate njia kwa kidole kutoka gati la karibu. Kila njia inapokata maji, hesabu daraja moja. Usiiamini dakika ya kutembea inayotajwa na ramani ya simu, kwa sababu haijui ngazi. Manispaa nayo ina ramani yake, Venezia accessibile, iliyowekewa rangi sehemu zote unazoweza kufika kwa boti bila kupanda daraja hata moja. Imetengenezwa kwa ajili ya wenye viti vya magurudumu, ila mwenye mzazi mzee ataishukuru vilevile.

Majina ya njia nayo yanakupa siri. Calle ni kichochoro, kama vya Lamu au Mji Mkongwe, vingine vyembamba hata mkipishana wawili mmoja asimame pembeni. Fondamenta ni njia inayoambatana na mfereji. Sotoportego ni njia inayopita chini ya nyumba ya watu, mara nyingi ni fupi na ina giza. Campo ni uwanja. Jina la kulitafuta wewe ni Rio Terà. Hilo ni mfereji wa zamani uliofukiwa kwa udongo ukawa barabara, na kwa hiyo ni mpana, umenyooka, tena ni tambarare. Hoteli yenye Rio Terà katika anwani yake, au jirani yake, imeshapata alama kwangu.

Kuna na hila ya jina la mji. Hoteli nyingi zinajiita "Venice" hivi au "Venezia" vile, kumbe ziko Mestre au Marghera, bara kabisa, ng'ambo ya daraja refu la reli. Tazama namba ya posta. Mji wa kale unaanzia 30121 ambayo ni Cannaregio, 30122 Castello, 30123 Dorsoduro, 30124 San Marco, 30125 San Polo, na Santa Croce ni 30135. Kisiwa cha Lido ni 30126, cha Giudecca ni 30133. Ukiona 30171, 30172, 30174 na jirani zake, hiyo ni bara.

Mkishafika mlangoni, kuna hesabu ya pili. Hoteli nyingi za nyota mbili na tatu ni nyumba za zamani za wafanyabiashara, na ukuta wa miaka 400 hautobolewi ovyo kuweka lifti. Kwa hiyo neno "lifti" kwenye tangazo ulichunguze. Nimeziona lifti zinazoanzia ghorofa ya kwanza, yaani unapanda vidato 20 ndipo uikute. Nimeona hoteli yenye lifti nzuri kabisa, lakini chumba cha bei nafuu kiko kwenye jengo la pili, mlango mwingine, kichochoro kingine. Hilo wanaliita dependance, na huko hakuna lifti. Picha zote unazoona mtandaoni ni za jengo la kwanza. Mtu anakuja kulalamika mapokezi saa nne usiku, naye mhudumu hana la kufanya kwa sababu vyumba vimejaa. Niliwahi kusimama upande ule wa meza, na haipendezi.

Usiombe chumba cha chini ukidhani umeikwepa ngazi. Vyumba vya chini Venice ni baridi, kuta zina unyevu wa chumvi, na ndivyo vinavyofikiwa na maji kwanza. Bora ghorofa ya kwanza au ya pili yenye lifti inayoanzia chini kabisa.

Habari ya maji wewe mtu wa pwani utaielewa haraka kuliko wageni wengi wa Ulaya. Venice imejengwa ndani ya hori kubwa la bahari lililokingwa na visiwa vyembamba, na maji ya mifereji yake yanajaa na kupwa kama ya kwenu, ila si kwa kina cha kwenu. Bamvua la huku ni kama mita moja tu. Ubaya unakuja bamvua linapokutana na sirocco, upepo wa kusini-mashariki unaoyasukuma maji ya Adriatic yakajazana upande huu. Hapo ndipo inatokea acqua alta, maji marefu, na msimu wake mkuu ni Oktoba hadi Januari, yaani mtakuwa ndani yake. Tarehe 12 Novemba 2019 yalifika sentimita 187, ya pili kwa ukubwa baada ya zile 194 za tarehe 4 Novemba 1966. Nilikuwa zamu usiku ule wa 2019. Maji hayakuingia kwa mlango kwanza. Yalitokea chini, kwenye mifereji ya maji machafu ya sakafuni, yakiwa meusi na baridi, tukawa tunanyanyua masanduku ya wageni kuyapandisha juu ya meza.

Sasa hali imebadilika. Tarehe 3 Oktoba 2020 ilinyanyuliwa kwa mara ya kwanza katika hatari ya kweli ile mitambo iitwayo MOSE, malango 78 yaliyolala chini ya bahari kwenye milango mitatu ya hori: Lido, Malamocco na Chioggia. Utabiri ukionyesha maji yatapita sentimita 110, malango yananyanyuka na mji unabaki mkavu. Lakini chini ya hapo hayanyanyuliwi, nao uwanja wa San Marco ndio sehemu ya chini kuliko zote, unaanza kulowa mapema. Wanatandika meza za mbao watu wapite juu yake mmoja nyuma ya mwingine, na mama akiwa juu ya mbao zile katikati ya umati sitaki kumfikiria. Kwa hiyo kwa Novemba siwachagulieni hoteli San Marco, hata mkipewa kwa bei ya Mestre. Cannaregio na sehemu kubwa ya Santa Croce ziko juu kidogo. Utabiri wa maji unatolewa na Centro Maree ya manispaa. Uutazame kila asubuhi kama mvuvi anavyoitazama bahari.

Maji hayo hayo yanahusu pia hoteli zinazojisifu kuwa na mlango wa majini, teksi ya boti ikushushe mapokezi moja kwa moja. Inapendeza kwa macho. Ila maji yakipwa, vidato vya chini vinatokeza, vimeota mwani na utelezi, na mama atatakiwa kunyanyua mguu kutoka kwenye boti inayoyumba kuukanyaga utelezi huo. Boti ya abiria ya kawaida, vaporetto, ni salama zaidi kwake. Gati lake linaelea, linapanda na kushuka pamoja na maji, kwa hiyo sakafu ya boti na ya gati ziko karibu sawa muda wote. Baharia anaifunga kamba, anasukuma kizuizi, mama anapita kama anavuka kizingiti cha chumba.

Nije kwenye mahali hasa. Mnatokea Verona kwa treni, mwendo wa saa moja na dakika chache, mnashukia Santa Lucia. Hilo ni jema kubwa, kwa sababu mnaweza kuyaacha masanduku makubwa kwa mdogo wako, mje na mkoba mmoja mmoja wa begani. Fanyeni hivyo, tafadhali. Nusu ya mateso ya Venice ni mizigo.

Chaguo langu la kwanza kwenu ni eneo la gati la San Marcuola, Cannaregio. Boti ya laini 1, inayopita polepole kwenye mfereji mkuu, inawachukua mbele ya stesheni na kuwashusha pale. Kutoka gatini unaingia uwanja mdogo wa kanisa, na nyuma ya kanisa unakutana na mifereji iliyofukiwa, Rio Terà San Leonardo na wenzake, bila daraja hata moja. Asubuhi kuna meza za mboga na matunda, akina mama wa pale wanakuja na vigari vyao vya ununuzi, na mama atatembea mita mia mbili tatu kwa raha zake akitazama watu wanavyoishi. Hiyo kwangu ni Venice zaidi ya dirisha lenye mfereji. Mifereji midogo mnayoonyeshwa kwenye picha, alfajiri inapita boti ya taka, boti ya mashuka, boti ya bia, na Novemba jua linatua saa kumi na nusu jioni. Utalipa euro 30 zaidi kwa ajili ya giza.

La pili ni Lista di Spagna, njia ile inayoanzia kushoto ukitoka stesheni kuelekea Ponte delle Guglie. Daraja sifuri kutoka kwenye treni hadi mlangoni, na hoteli zenye lifti ni nyingi kuliko kwingine. Mbele ya stesheni kuna vidato vipana, lakini pembeni kuna njia ya mteremko. Nitakuambia ukweli: njia yenyewe si nzuri, imejaa maduka ya barakoa za plastiki, na chakula cha pale ni cha kumlisha mtu ambaye hatarudi. Chukua hoteli iliyo kwenye kichochoro cha pembeni, chumba kisitazame Lista, na chakula mkale mbele kidogo. Kwa magoti ya mama na treni ya kurudi Verona, hakuna mahali rahisi kuliko hapo. Kama San Marcuola hukupata cha bei yenu, msisite.

Kuna sehemu mbili nyingine ninazozipenda kwa moyo wote ila kwenu naziweka chini. Zattere, ule ukingo mrefu wa Dorsoduro unaotazama Giudecca, unapata jua lote la mchana, na madaraja yake mara nyingi yanakuwa na mbao za mteremko zilizobaki baada ya mbio za Marathon za Oktoba. Hoteli zake lakini ni za bei. Na Via Garibaldi, Castello, nao ni mfereji uliofukiwa tangu zama za Napoleon, mpana, nguo zimeanikwa juu ya vichwa vya watu. Ni mbali na stesheni, mtatumia boti nusu saa na zaidi kila safari.

Mestre sasa. Wanaokushauri hawakudanganyi: ni tambarare, lifti ni za kawaida, bei ni ya chini, na treni hadi Santa Lucia ni kama dakika kumi. Ingekuwa mnakaa wiki, au mna watoto wanne, ningekuambia nenda. Chakula cha halali pia ni rahisi zaidi Mestre, kuna Wabangladeshi wengi na maduka yao yako karibu na stesheni, hasa upande wa Via Piave. Lakini mna usiku tatu tu. Venice ya mchana ni ya kila mtu. Ya kwenu ni ile ya saa mbili usiku, makundi yameshaondoka, unasikia nyayo zako kwenye mawe na mtu anaimba jikoni ghorofa ya pili. Ukilala Mestre, saa hiyo mama ameshachoka, mnawaza treni. Na akichoka saa nane mchana hawezi kurudi kujinyoosha saa moja kisha atoke tena, ilhali kwa mtu wa umri wake kile kipumziko cha mchana ndicho kinachoamua kama jioni ipo au haipo. Nalipa tofauti ya bei kwa ajili ya kipumziko hicho.

Kuhusu Murano, hapo nimefurahi sana, kwa sababu hamu ya mama ina mizizi kwetu. Tanuri za kioo zilihamishiwa Murano mwaka 1291, na karne ya 19 ushanga wa Venice ulishushwa Unguja kwa mapipa, ukapanda na misafara hadi Tabora na Ujiji. Ule mwekundu wenye moyo mweupe, samesame, wazee wa pwani waliujua vizuri. Waliokuwa wakiutunga kwenye nyuzi ni wanawake wa Castello na Cannaregio, waliitwa impiraresse, wakiketi nje ya milango yao na trei ya mbao mapajani na sindano ndefu zimepangwa mkononi kama kipepeo cha kujipepea. Kwa hiyo mkikaa San Marcuola mtakuwa mnalala katika mtaa wao.

Kwenda kwenyewe, kutoka gati la stesheni kuna laini 3 ya moja kwa moja. Shukeni gati la Museo, hapo hapo ndipo ilipo makumbusho ya kioo, msihangaike na madaraja ya Murano. Na mapokezi wakikupa "boti ya bure kwenda Murano", ishukuru na uikatae. Boti hiyo inawashusha kwenye duka moja, mlango unafungwa nyuma yenu, na mtu mwenye suti anaanza kumshinikiza mama anunue. Hoteli inapata fungu lake katika kila kinachouzwa. Nauli ya boti mjini si ndogo, tiketi ya dakika 75 ni euro 9.50, kwa hiyo kila mmoja achukue ya saa 72 kwa euro 45 mpande mnavyotaka, hata gati moja tu mama akichoka. Ziingize kwenye bajeti tangu sasa.

Madogo madogo. Kila mgeni anatozwa kodi ya kulala kwa kila usiku, hadi siku tano, kulingana na nyota na msimu, na mara nyingi haimo kwenye bei mliyoona. Inalipwa mapokezi. Ule ushuru wa kuingia mjini wa euro 5 au 10 ulioanza 2024 ni wa wageni wa mchana, na siku zake zimekuwa za Aprili hadi Julai, kwa hiyo hauwahusu. Euro 120 kwa Novemba zinatosha chumba safi cha nyota tatu, ila karibu na tarehe 21 bei hupanda. Ni sikukuu ya Salute, wanaweka daraja la muda juu ya mfereji mkuu kukumbuka tauni ya 1630. Mkiweza, msiiguse usiku huo. Chukua bei inayokuruhusu kughairi bila kutozwa, hasa viza ikiwa bado. Sikushauri nyumba ya kupanga. Mama anahitaji mtu wa mapokezi aliye macho, si funguo ndani ya kisanduku. Ukilazimika, tangazo lazima liwe na namba ya usajili iitwayo CIN, ambayo tangu 2025 kila mahali pa kulala Italia panatakiwa kuionyesha.

Kiitaliano chako ndicho silaha yenu. Usiishie kubofya. Iandikie hoteli moja kwa moja, barua fupi ya heshima, uwaulize mambo haya kwa maneno haya. L'ascensore parte dal piano terra? Yaani lifti inaanzia chini kabisa? Quanti gradini ci sono dall'ingresso alla camera? Vidato vingapi kutoka mlangoni hadi chumbani? La camera è nell'edificio principale o in dependance? Chumba kiko jengo kuu au lile la pili? Halafu vitanda: ukiandika "doppia" tu utapewa kitanda kimoja kikubwa, kwa hiyo sema due letti separati, vitanda viwili mbalimbali. Bafu: uliza kama ni doccia, yaani la manyunyu, maana beseni la kuogea lenye ukingo mrefu ni daraja jingine. Bidet, lile beseni dogo la kutawadhia, usiwe na wasiwasi nayo, bafu za Kiitaliano kwa kawaida zinayo, na mama ataifurahia. Na uwaulize kama riscaldamento, yaani joto la chumba, mnaweza kulirekebisha wenyewe. Baridi ya Novemba huku ina unyevu, inaingia kwenye viungo.

Jinsi wanavyokujibu ni jibu pia. Anayekuandikia "kuna vidato vitano mlangoni, kisha lifti, nitawawekea chumba karibu nayo", huyo anaijua nyumba yake na amemfikiria mama. Anayekujibu kwamba hoteli yao ni ya kifahari na iko katikati ya mji, bila kutaja kidato hata kimoja, muache.

Andikia tatu au nne za San Marcuola na Lista wiki hii. Zikikujibu mbili, nitumie anwani zake pamoja na namba za nyumba, nami nitakuhesabia madaraja.